Shirika linataka mchezo wangu "haki zote" kwa laki sita, na aliyeniagiza mwanzo anadai advansi yake. Nifanyeje?

DadaWaKatwe – Agosti 14, 2021, saa 2:40 usiku

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nitajaribu kuandika kwa kifupi maana bando ni la kuhesabu, ila najijua.

Mimi ni mwandishi wa michezo ya kuigiza kwa Kiswahili, naishi Katwe, Kampala. Kazi zangu zimeonyeshwa zaidi kwenye kumbi za parokia na mashuleni, zile kumbi kubwa za mjini bado sijazifikia. Januari 2020 mzee mmoja mwenye baa aliniagiza mchezo wa saa moja na nusu, waigizaji tisa, uonyeshwe Pasaka. Alinipa advansi ya milioni moja, na milioni na nusu ingekuja baada ya onyesho la kwanza. Niliandika, nikamkabidhi mwisho wa Februari, mazoezi yakaanza. Machi 18 Rais akafunga mikusanyiko kwa sababu ya korona. Jana yake tulikuwa mazoezini, tukaacha kitanda cha kamba katikati ya sakafu, tukaagana kwamba tutaendelea Alhamisi. Kile kitanda mwenye ukumbi alishakipikia.

Sasa mwezi huu mambo mawili yamenijia kwa pamoja. Mzee kapiga simu anataka milioni yake. Baa yake haijafunguliwa tangu Machi ile, hali yake naielewa, lakini anasema mimi "sikumpa kitu". Na shirika moja linataka hadithi hiyohiyo iwe mchezo wa redio, vipindi sita vya dakika 15, kwa ajili ya kambi za wakimbizi za Nakivale na Kyaka II, humo waingize ujumbe wa chanjo ya korona. Laki sita mara moja, "haki zote", karatasi ya ukurasa mmoja. Wanataka sahihi Jumatano.

Matatu na basi zimerudi barabarani, arkedi za maduka zimefunguliwa, sisi wa jukwaa bado. Ile laki moja ya msaada wa serikali ya kwenye simu niliipata Julai, nashukuru, iliingia kwenye kodi ya nyumba kabla sijaiona sura. Siku hizi nauza mandazi asubuhi na mukene (dagaa) jioni. Kwa hiyo laki sita kwangu si pesa ya kuchezea. Nisaini? Na huyu mzee nimlipe kwa nini? Na kama kuna anayejua msaada wowote wa waandishi wa jukwaa kipindi hiki, aniambie.

---

Boda_wa_Nateete

Saini, dada. Ukishiba ndiyo utatafuta haki zako.

---

AfandeZee

Binti, pole. Mimi nasema usikate tamaa, andika! Wakati wa tauni kumbi za London zilifungwa na Shakespeare aliendelea kuandika. Huu ndio wakati wa mwandishi kukaa chini na kufanya kazi yake.

---

Mwl_Bombo

Afande, kwa heshima zote, huyo Shakespeare kumbi zilipofungwa aliandika shairi refu, akalitoa mwaka 1593 na kulitabaruku kwa bwana mkubwa mmoja. Yaani naye alikuwa anatafuta mfadhili kama huyu dada tu. Tofauti ni kwamba hakuwa anaunguza vidole kwenye karai la mandazi.

---

AfandeZee

Hiyo sikuijua. Basi nimesalimu amri.

---

KaraniMstaafu

Dada wa Katwe, usisaini kitu Jumatano. Mimi si wakili. Nimekaa masijala miaka mingi na nimeona karatasi za ukurasa mmoja zilivyoliza watu wazima.

Kabla ya shirika, nikuulize: huu mchezo ni wa nani?

Utasema wako, umeuandika wewe. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2006 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, hilo ni kweli. Lakini kifungu cha 8 kina mtego: kazi ikifanywa kwa kuagizwa na mtu mwingine, na mkataba ukawa hausemi vinginevyo, hakimiliki inakwenda kwa ALIYEAGIZA. Sasa wewe uliagizwa na mwenye baa. Kama hamkukubaliana lolote kuhusu maandishi, inawezekana unataka kuwauzia shirika mali ya yule mzee. Na yeye anayesema hukumpa kitu, inawezekana amekalia mchezo mzima bila kujua.

Kwa hiyo tuambie. Mliandikiana? Popote, hata kwenye simu.

---

DadaWaKatwe

Karani, umeninyima usingizi. Mkataba wa karatasi hatukuwa nao. Tulikubaliana kwenye meza ya chapati nje ya baa yake, mwanangu akiwa shahidi, naye alikuwa na miaka saba na alikuwa anakula rolex, ile chapati ya mayai. Ila mzee ni mtu wa meseji za kawaida, WhatsApp haijui. Kuna meseji tulitumiana baadaye. Ziko kwenye simu yangu ya zamani iliyopasuka kioo.

---

KaraniMstaafu

Itafute hiyo simu leo hii. Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka makubaliano ya zaidi ya pointi 25 za fedha, yaani shilingi laki tano, yawe kwa maandishi. Watu wakisikia hivyo hukata tamaa, lakini sheria hiyohiyo inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa maandishi, mradi uweze kusomwa tena baadaye. Meseji ni maandishi. Usiifute, usiiweke simu kwenye maji, na usimpe fundi bila kukaa naye palepale.

Kuhusu milioni: swali ni ile pesa ilikuwa ya nini. Kama ilikuwa ya kuandika, uliandika na kukabidhi, deni lako limekwisha. Kama ilikuwa ya onyesho, hapo mkataba umeshindikana bila kosa la yeyote kati yenu, na sheria inamruhusu aliyetoa pesa kudai arudishiwe, lakini mwenzake aliyekwisha kuingia gharama anaweza kubakizwa na sehemu. Nauli za mazoezi, kurudufu kurasa, mavazi, andika vyote ungali unavikumbuka.

---

MpakaniBusia

Kwani kwa nini usirekodi mchezo uweke mtandaoni na kuuza tiketi kwa mobile money? National Theatre ya London walionyesha michezo YouTube tangu Aprili mwaka jana, dunia nzima ikatazama.

---

SautiYaRedio

Ndugu wa Busia, wale walikuwa na michezo iliyokwisha kupigwa picha kwa kamera za maana, na waliionyesha bure. Hapa Facebook imezimwa tangu Januari, tunaingia kwa VPN kama wezi. Na tangu Julai 1 bando lina kodi ya asilimia 12. Mtazamaji wa Dada ni mama wa sokoni. Hatanunua data ya saa moja na nusu ili aone watu tisa kwenye viboksi, kila mmoja na jogoo wake nyuma anawika.

Redio ni sawa kabisa, dada. Ugomvi wangu uko kwenye bei na kwenye kazi yenyewe. Nimeandika michezo ya redio miaka kadhaa, nikueleze.

Mchezo wa jukwaani haugeuki wa redio kwa kuusomea kwenye maikrofoni. Watu tisa ni wengi mno, sikio linapotea. Punguza wawe wanne au watano, sauti zao zitofautiane kama vyombo: mzee mwenye kikohozi, msichana anayeongea haraka, mtu mwenye lafudhi ya Bukavu. Anayeingia atajwe jina ndani ya sentensi mbili za mwanzo. Na kila kitu ulichokuwa unakionyesha, sasa kisikike. Hicho kitanda chako cha kamba kilikuwa kinafanya nini jukwaani?

---

DadaWaKatwe

Bibi analala hapo mchezo mzima. Familia inadhani ni mgonjwa, kumbe amelalia hati ya kiwanja. Kila mtu akija kumwamkia anageuka upande.

---

SautiYaRedio

Mungu wangu. Basi huo ni mchezo wa redio tangu ulipozaliwa na wewe ulikuwa hujui! Kitanda kinalia kila bibi akigeuka. Msikilizaji ataanza kukingoja kile kilio. Mwisho wa kila kipindi kilie, ukate hapo.

Haya, bei. Vipindi sita ni kuandika upya, kazi ya mwezi ukiwa na watoto nyumbani. Laki sita ni laki moja kwa kipindi, na humo wamenunua pia jukwaa, filamu, tafsiri na kila kitakachobuniwa baadaye. Usiwauzie. Waruhusu tu kutumia: redio pekee, Kiswahili, hapa Uganda, miaka miwili. Wakitaka kurudia baada ya hapo, wanarudi kwako. Bei waambie laki mbili kwa kipindi, nusu kabla hujagusa kalamu. Watashuka, na wewe utashuka kidogo. Ukiwatajia laki moja na nusu tangu mwanzo mtaishia palepale pa laki moja, mimi nimeshaishia hapo mara mbili.

Na jina lako litajwe mwanzo na mwisho wa kila kipindi. Hilo usilibadilishe kwa pesa.

---

BabaFuraha (Nakivale)

Dada jambo. Mie niko huku huku kwenye hiyo kambi wanayotaja, nilikuja toka Kivu. Nikuambie namna mchezo utakavyosikilizwa: spika ya mtaani asubuhi watu wakiteka maji, na baadaye vijana watauweka kwenye memori kadi pale pa kuchajia simu. Ni watu wazima wamechoka na wana njaa. Mwaka jana tuliletewa mchezo wa kunawa mikono. Ulianza vizuri, mume na mke wanagombana juu ya mbuzi, tukacheka. Dakika ya tano mbuzi akasahauliwa, mke akaanza kuongea kama bango la zahanati. Watu wakachukua madumu yao.

Kwa hiyo kwenye karatasi yako weka kwamba hakuna mtu kuongeza maneno bila wewe kukubali. Wakitaka chanjo, bibi aikatae chanjo kwa sababu akienda kuchanjwa ataacha kitanda. Hapo tutasikiliza.

---

Boda_wa_Nateete

Huyo Baba Furaha naye apewe kazi ya kuandika 😂 Nafuta ushauri wangu wa kwanza.

---

Mwl_Bombo

Kuhusu misaada. Nitakuwa mkweli, dada, usikae ukingoja. Kenya walitangaziwa shilingi milioni 100 za wasanii Aprili mwaka jana, na wenzetu wa kule wana ya kusimulia. UNESCO walianzisha ResiliArt mwezi huohuo, lakini ile ni mijadala, huli mjadala. Nenda mwenyewe uulize Goethe-Zentrum na Alliance Française, vituo vya utamaduni vya Wajerumani na Wafaransa hapo Kampala, kama kuna mwito wa miswada. Kampala International Theatre Festival, lililoanza 2014, limekuwa na nafasi ya kusoma hadharani michezo ambayo haijapanda jukwaani, na kusoma hakuhitaji mavazi wala kitanda. Yeyote atakayekutoza "ada ya fomu" ya mfuko wa wasanii ni mwizi. Mimi nilitozwa elfu ishirini na mtu mwenye tai nzuri sana.

Na mswada upeleke URSB, ofisi ya serikali ya usajili, ukausajili ukipata nafasi. Hakimiliki haingoji cheti, ila siku ya ubishi cheti kinafupisha maneno.

---

DadaWaKatwe – Agosti 17, saa 4:05 usiku

Nimerudi. Simu ilikataa chaji siku nzima, fundi wa Katwe akaifungua mbele yangu kama Karani alivyoagiza, akapiga mswaki ndani, ikawaka. Betri ilidumu kama dakika kumi. Meseji ya mzee ni ya Februari 3, 2020, naiandika ilivyo: "kitabu ni chako mimi nataka watu kwenye viti. hiyo 1m ni ya kuandika usiniulize tena". Nilikuwa nimemuuliza mara mbili nauli ni ya nani, akakasirika. Nimeipiga picha kwa simu ya jirani, na mswahili mwenzangu wa msikitini ameisoma kwa sauti mbele ya watu wawili.

---

KaraniMstaafu

"Kitabu ni chako." Maneno matatu. Huyo mzee amekuandikia mkataba bora kuliko mawakili wengi. Usiende kumpiga nayo usoni, lakini. Bado ni mtu mwenye baa iliyofungwa.

---

DadaWaKatwe – Agosti 19, saa 1:20 jioni

Sikumpiga nayo. Nilimpelekea mandazi, nikampa simu asome mwenyewe. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Akasema, "Nilikuwa na pesa siku hizo." Tumekubaliana, safari hii kwa karatasi: milioni haidaiwi, na kumbi zikifunguliwa yeye ndiye wa kwanza kuuonyesha mchezo jukwaani.

Shirika walinuna jana. Dada wa mapokezi aliniambia wapo waandishi wengine. Nilisema sawa, nikanyanyuka, nikafika getini wakaniita. Laki moja na nusu kwa kipindi, redio tu, miaka miwili, nusu imeshaingia kwenye simu. Kipengele cha kutoongeza maneno wamekipinga sana, mwisho wakakubali "kwa kushauriana na mwandishi". Najua si sawasawa na nilichotaka. Bibi atakataa chanjo hadi kipindi cha tano, hapo tutaona nani anashauriana na nani.

Tunarekodi wiki ijayo kwenye chumba cha dada yangu, magodoro ukutani. Jambo moja limebaki. Yeyote wa Makindye, Nsambya au Ndeeba mwenye kitanda cha kamba cha zamani, kinacholia kwelikweli, tafadhali aniandikie pembeni. Nitakibeba mwenyewe na nitakirudisha.