Fomani anasema fyuzi zikishushwa inatosha. Nipande?

Mtoto wa Gongoni: Wakubwa, shikamooni. Nafanya kibarua kwa kontrakta mmoja wa laini za stima. Siku hizi tuko kati ya Mambrui na Gongoni, tunabadilisha vikombe (vile vya kauri vinavyoshika waya zisiguse nguzo) vya laini ya volti 11,000. Fomani anashusha fyuzi, anatuambia, "Imekufa hiyo, pandeni." Waya za ethi, za kuunganisha laini na ardhi, zimo garini lakini hazishuki, ati zinakula muda. Na njia nzima kuna nyumba za wageni zenye majenereta. Mimi ndiye mdogo kazini, nikikataa nitaitwa mwoga. Nifanyeje?

Mstaafu wa Nguzo: Marahaba mwanangu. Usipande. Fyuzi zimezuia stima ya kutoka steshini, basi. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili: mtu akiwasha jenereta bila kukata swichi kubwa, stima yake ya 240 inaingia kwa chini, inatokea juu ikiwa maelfu ya volti. Laini ipimwe kwanza, kwa kipimo cha volti hizo kilicho kwenye fimbo yake, si testa ya bisibisi. Kipimo chenyewe kijaribiwe penye stima kabla na baada, maana kibovu nacho hunyamaza. Kisha ethi, huku na huku ya mnapofanyia kazi. Anza kufunga upande wa ardhi ndipo waya za juu; kufungua ni kinyume.

Fundi wa Hoteli: Mzee kasema kweli. Hoteli kubwa za Malindi zina chenjiova, swichi ya kuhamisha kati ya laini na jenereta, lakini kwenye nyumba za kukodisha nimeona jenereta limechomekwa kwenye soketi ya ukutani. Stima ikipotea tu, wanawasha.

Kazi Ni Kazi: Mnamtisha kijana bure. Miaka yote tunavaa glavu na kupanda, mbona tupo?

Mstaafu wa Nguzo: Glavu zipi? Za mpira za daraja 0 mwisho wake volti 1,000. Laini hiyo yataka daraja la 2, mwisho 17,000, na kila asubuhi uzikunje kuanzia mdomoni kuelekea vidoleni ubane hewa, usikilize kama zinavuja. Waliotobokewa nazo hawapo hapa kukujibu.

Dada wa Shela: Mdogo wangu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kukufukuza kwa kulalamikia hatari. Ila usianze na sheria, utamfanya mbishi. Muulize mbele ya wenzako, "Bosi, ethi tufunge nguzo gani?" Ajibu hilo.

Mtoto wa Gongoni: Ahsanteni. Na chumvi ya bahari je? Vikombe vimegandwa nayo, na alfajiri nguzo zinanguruma.

Mstaafu wa Nguzo: Chumvi kavu haina neno sana. Umande ukiilowesha, stima hutambaa juu ya kikombe hadi kwenye mti, na nguzo yaweza kuungua kileleni. Inayonguruma usiiguse mpaka izimwe, ipimwe na ifungwe ethi. Na kabla ya kupanda, chimba kidogo shinani uone kama haijaoza.