Nimeacha pombe kwa miezi mitatu, lakini Desemba narudi nyumbani Kibosho

Mchaga wa Mjini:
Wakuu, nawasalimu. Nina umri wa miaka 38, ninafanya kazi Dar es Salaam, na kwa miezi mitatu sasa nimeacha desturi ya kupita baa kila jioni. Kabla ya hapo nilikuwa nikinywa bia nne au tano kwa siku, na Jumapili asubuhi nilizimua, yaani nilikunywa tena ili kutuliza uchovu wa pombe ya jana, hata kabla ya chai. Kinachonisumbua si hamu, bali namna ninavyojitazama: mara mbili nimeteleza, na kila mara nilijiambia kwamba mimi ni mlevi tu na juhudi zangu ni bure, kisha nikaendelea kunywa hadi mwisho wa wiki. Desemba nitakuwa Kibosho, kwetu Kilimanjaro, ambako kata (kibuyu cha kunywea) ya mbege, pombe yetu ya ndizi, huzungushwa kwa wazee na vijana, na kuikataa mbele ya baba mkubwa huonekana kama kuukataa ukoo. Nifikirije ili nijione ninajijenga, wala si kwamba ninatumikia adhabu?

Bibi Shamba:
Mwanangu, mimi niliacha miaka tisa iliyopita, na niliteleza kuliko wewe. Tatizo lako ni hesabu: katika siku tisini umekunywa labda siku kumi, nawe unazitupa themanini zote. Nilinunua daftari la shule, nikawa ninaandika kila nilipoteleza ilikuwa siku gani, nilikuwa na nani, kama nilikuwa na njaa, na nani alitoa ofa. Baada ya miezi miwili niliona kwamba karibu kila mara ilikuwa siku ya mshahara, tumbo likiwa tupu, pamoja na rafiki yuleyule. Basi sikuwa na haja ya kujitukana, nilihitaji kula mapema na kushuka kituo kingine. Kuhusu mbege, mpigie baba mkubwa simu kabla ya safari, kwa maana wazee hukwazwa zaidi na kushtukizwa mbele za watu kuliko na kukataliwa kwenyewe. Mimi huomba kazi ya kugawa; anayegawa hakuna anayemhesabia kata.

Tabibu Mstaafu:
Daftari ninaliunga mkono, lakini kwa heshima zote, Bibi, mtu wa miezi mitatu asikae karibu na pipa. Apewe kazi ya kuchoma nyama. Tena asidanganywe kwamba mbege ni chakula kwa sababu ina ndizi na ulezi. Kilevi ni kilekile. Bia moja ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi, ambazo ini huchukua saa mbili au zaidi kuziondoa, hivyo aliyekunywa tano usiku huamka zikiwa bado mwilini, na kuzimua ni kuongeza deni. Kwa wengine wanaosoma hapa: anayekunywa sana kila siku asiache ghafla bila kumwona daktari, kwa sababu kutetemeka, jasho na hata degedege vinaweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo, na hilo si suala la nia dhaifu.

Mchaga wa Mjini:
Ninawashukuru nyote. Daftari nimelinunua, na ukurasa wa kwanza nimeandika zile siku themanini. Jana jioni nilimpigia baba mkubwa. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama mtori, supu yetu ya ndizi, bado ninakula.