Pendo huitupa nje hofu: sasa "kuogopa na kutetemeka" kunabaki wapi?

Msomaji_wa_Nyaraka

Bwana asifiwe wapendwa. Naandaa somo la dakika 40 kwa kikundi cha Biblia na nimekwama kwenye aya mbili. 1 Yohana 4:18 inasema katika pendo hamna hofu. Wafilipi 2:12 inatuagiza tuutimize wokovu wetu kwa kuogopa na kutetemeka. Jibu linalozoeleka ni kwamba hofu ya Yohana ni woga na ya Paulo ni heshima tu. Mimi linanitosha nusu, maana heshima peke yake haimtetemeshi mtu. Halafu kwa vitendo: Mkristo atajuaje kwamba hofu aliyo nayo ni ile njema? Naomba maandiko, si maoni matupu.

Mzizi_na_Tawi

Amani kwako ndugu. Una haki ya kutoridhika.

Kiswahili hapa kinatusaidia, kisha kinatuponza. Tuna kucha na tuna kuogopa, na Union Version (tafsiri ya Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka) ilipoandika "kumcha BWANA" katika Mithali 1:7, watu wakahitimisha kwamba kucha ni kwema na kuogopa ni kubaya. Hitimisho hilo halifiki mbali. Biblia hiyo hiyo inasema "hofu yake iwe mbele yenu" (Kutoka 20:20), na Petro anawaambia wanaomwita Mungu Baba waenende "kwa hofu" (1 Petro 1:17). Kwa Kiyunani, Yohana na Paulo wametumia neno moja, phobos. Neno la woga wa kukosa ujasiri, deilia, liko 2 Timotheo 1:7, na hilo kweli ni baya moja kwa moja.

Kwa hiyo usilijenge somo juu ya neno. Uliza hofu hiyo inatokana na nini. Yohana anajibu mwenyewe: "kwa maana hofu ina adhabu", na aya ya 17 imekwisha kutaja siku ya hukumu. Ni hofu ya mshtakiwa anayesubiri kusomewa hukumu. Paulo naye anatoa sababu katika aya ya 13, ambayo wengi hawafiki: Mungu ndiye atendaye kazi ndani yenu. Anayetetemeka hapo anatetemeka kwa sababu Mungu yu karibu mno, yumo ndani, anafanya kazi. Ukiikata aya ya 12 na kuiacha ya 13, umewapa watu mzigo bila mbebaji.

Kama ningechagua aya moja ya kufungulia, ni Kutoka 20:20. Musa anasema "Msiogope", na katika sentensi ile ile anasema hofu ya Mungu iwe mbele yao. Kwa Kiebrania mzizi ni mmoja. Tazama kinachoizunguka. Waisraeli, chini ya mlima Sinai, wamesimama mbali na wanaomba Mungu asiseme nao (aya ya 18 na 19). Musa analikaribia lile giza kuu alipokuwapo Mungu (aya ya 21). Hofu iliyokatazwa inataka Mungu anyamaze. Iliyoagizwa ina kazi yake: "ili kwamba msifanye dhambi".

Kinara_7

Naongeza upande wa vitendo, kwa sababu hapo ndipo masomo mengi huishia hewani.

Kipimo cha kwanza: mtu akianguka, anakimbilia wapi? Adamu aliogopa akajificha (Mwanzo 3:10). Zaburi 130:4 inageuza mambo kwa namna ya kushangaza: kwako kuna msamaha, ili Wewe uogopwe. Msamaha ndio unaozaa kicho! Anayekaa siku tatu bila kuomba kwa sababu "sistahili" hajawa mnyenyekevu, amejificha nyuma ya mti.

Kipimo cha pili: anaogopa kukamatwa au kumkosea Mungu? Yusufu, alipotongozwa na mke wa Potifa, hakuwa na shahidi ndani ya nyumba (Mwanzo 39:11), na neno lake lilikuwa kuhusu kumkosa Mungu. Augustino, askofu na mwalimu wa kanisa la kale, alieleza kwa mfano wa wake wawili: mmoja anaogopa mumewe asije akarudi, mwingine anaogopa asije akaondoka. Wote wawili wanaogopa.

Toba nayo ifuate utaratibu. Anza na "Baba yetu" pamoja na "Jina lako litukuzwe", maana ukaribu na utakatifu vimewekwa katika pumzi moja. Itaje dhambi kwa jina lake, mara moja. Soma 1 Yohana 1:9. Shukuru. Kama kuna cha kurudisha, rudisha, kama Zakayo (Luka 19:8). Kisha inuka uende kazini.

Hofu isiyo na upendo hailei watakatifu, inalea wavivu. Yule wa talanta moja alimwona bwana wake kuwa mtu mgumu, akaogopa, akaifukia (Mathayo 25:24-25). Upendo usio na kicho nao una dalili yake: dhambi inabadilishwa jina na kuitwa udhaifu, mwaka hadi mwaka. Wahenga walishasema kumcha Mungu si kilemba cheupe.

Taa_ya_Usiku

Tahadhari moja. Katika kikundi anaweza kuwepo mtu anayeungama dhambi ile ile mara kumi kwa siku, au anayeamini ametenda dhambi isiyosameheka. Huyo usimwongezee mahubiri ya kutetemeka. Lakini pia usimhakikishie kila anapouliza, kwa sababu kila uhakikisho hutuliza kidogo na kuamsha swali jipya. Muonyeshe Marko 3:30, inayoeleza kwa nini Yesu alisema habari za dhambi hiyo isiyosameheka, halafu awe na mshauri mmoja tu, na asirudie kuungama yaliyokwisha kuungamwa. Ikiwa mawazo hayo yanamla saa nzima kwa siku, aonane na mtaalamu wa afya ya akili. Si upungufu wa imani.

Msomaji_wa_Nyaraka

Asanteni sana. Najua mtu atauliza Luka 12:5, mwogopeni yule mwenye uweza wa kumtupa mtu katika jehanamu. Hapo adhabu imetajwa wazi.

Mzizi_na_Tawi

Imetajwa, na usiipunguze makali. Ila angalia anaambiwa nani: "rafiki zangu" (aya ya 4). Na ifikapo aya ya 7 wanaambiwa wasiogope, nywele zao zimehesabiwa. Yesu anawaondolea hofu ya wanaoua mwili kwa kuweka mbele yao aliye mkubwa zaidi, kisha anawaambia huyo mkubwa anawahesabia nywele. Soma aya zote nne bila kusimama, usihubiri ya 5 peke yake.

Kwa dakika 40: Kutoka 10, Wafilipi na Yohana 15, Luka 10. Zinazobaki 5 ziwe za kimya. Watu wakianza kukohoa, waache wakohoe.