Je, keshia adai kitambulisho kwa anayelipa kwa kadi?

Swali (keshia, Kigoma Mjini): Ndugu zangu, jana mgeni aliyekuwa akielekea Gombe alilipa kwa kadi ya Visa, akabonyeza namba ya siri na risiti ikatoka, lakini bosi aliniagiza nimdai pasipoti na kuipiga picha kwa simu yangu, mgeni alikunja uso. Je, nilikosea?

Jibu (Tabora): Dada, kwa kawaida taratibu za Visa na Mastercard hazimruhusu muuzaji kukataa kadi halali kwa sababu tu mteja hakutoa kitambulisho. Namba ya siri ilitosha.

Jibu (Ujiji): Picha hiyo ifute leo hii, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za namna hiyo. Ukiwa na shaka na kadi, ipigie simu benki iliyowapa mashine.

Muuliza swali: Nimeifuta. Bosi nitamweleza kesho kabla hatujafungua duka.