Mama na kikundi cha wazee cha kumbukumbu, naombeni ushauri
Wakuu habari zenu, mama ana miaka 74 na kumbukumbu inampotea, juzi kaweka chumvi kwenye chai mara mbili. Kuna kikundi cha wazee hapa mtaani kila Jumatano, wanacheza bao, wanaimba nyimbo za zamani, wanaoneshwa picha wataje majina, akirudi anaongea kweli. Bodaboda kwenda na kurudi 4,000, kaka anasema tunatupa hela. Ila Jumatano ndo siku pekee nafungua genge mpaka jioni, zingine nafunga saa sita nikamwangalie. WHO walisema 2019 ugonjwa wa kusahau uligharimu dunia dola trilioni 1.3, karibu nusu ni uangalizi wa ndugu nyumbani, yaani sisi. Sasa kaka nimweleweshaje achangie nauli? Nyie mnagawanaje?