Wauzaji wa sarafu za fedha za senti tatu za Marekani wanatuuzia vipande vilivyozibwa matundu kama sarafu nzima

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sina nia ya kuificha. Sarafu ya fedha ya senti tatu ya Marekani, iliyotengenezwa kuanzia 1851 hadi 1873, imegeuzwa jaa la wauzaji wasio waaminifu. Kila kipande kilichotobolewa, kilichopinda kikanyooshwa, au kilichosuguliwa hadi kikapoteza uso wake wa asili, kinaletwa kwetu kwa jina la sarafu nzima, kwa sababu wauzaji wanajua kwamba wanaoukusanya mfululizo huu ni wachache na kwamba kitu chenye upana wa milimita 14 ni rahisi kukifichia kasoro katika picha iliyopigwa kwa simu.

Mfano ninao mezani. Ni sarafu ya 1855, mwaka ambao zilitoka 139,000 tu, na muuzaji mmoja wa hapa Marekani aliitangaza kuwa ni nzima na haijawahi kuguswa. Ukiitazama kwa macho matupu utamsadiki. Ukiiweka chini ya kioo cha kukuzia, unaona karibu na neno OF, katika maandishi UNITED STATES OF AMERICA, duara jembamba lenye rangi ya kijivu iliyofifia kuliko fedha inayolizunguka, na ndani ya duara hilo herufi F imechongwa upya kwa mkono, mikono yake ikiwa myembamba kuliko ya herufi jirani. Ukiigeuza, duara lilelile linaonekana upande wa pili, na nyota moja kati ya zile 13 za ukingoni ina pembe zisizolingana na za wenzake. Hilo ni tundu lililozibwa, na aliyeliziba alikuwa fundi hodari aliyejua anachokificha. Nilipodai fedha zangu nilijibiwa kwamba sarafu ndogo namna ile haihitaji maelezo marefu, na kwamba mtu anayetaka ukamilifu akanunue sarafu kubwa ya dola.

Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika, maana linaonyesha dharau iliyo chini ya mchezo huu wote. Sarafu hii ilizaliwa katika shida kubwa ya uchumi. Dhahabu ya California ilipofurika sokoni, thamani ya fedha ilipanda ikilinganishwa na dhahabu, na sarafu za fedha za Marekani zikawa zinayeyushwa au kusafirishwa nje kwa sababu madini yake yalikuwa na thamani kuliko kiasi kilichoandikwa juu yake. Watu wakakosa chenji. Sheria ya tarehe 3 Machi 1851, ileile iliyoshusha gharama ya kutuma barua kutoka senti 5 hadi senti 3, ikaruhusu sarafu ya senti tatu yenye asilimia 75 tu ya fedha, ili asipatikane mtu wa kufaidika kwa kuiyeyusha. Ilikuwa sarafu ya kwanza ya fedha nchini humo kutengenezwa makusudi madini yake yakiwa na thamani ndogo kuliko ile iliyotangazwa, na ilifanya kazi: mwaka 1852 peke yake zilitoka zaidi ya milioni 18. Ilikuwa mwaka 1853 ndipo Kongresi ilipopunguza uzito wa fedha katika sarafu nyingine, za nusu dola kushuka chini, ili nazo zisiyeyushwe. Sarafu iliyobeba biashara ndogondogo za nchi nzima kwa miaka hiyo haistahili kuuzwa kama chakavu kilichopakwa rangi.

Wauzaji hawa pia wanautumia vibaya ugumu wa mfululizo wenyewe. Mchoraji wake, James Barton Longacre, aliweka upande wa mbele nyota ya pembe sita yenye ngao katikati, na upande wa nyuma herufi C kubwa ikiikumbatia namba III ya Kirumi. Sarafu za 1851 hadi 1853 hazina mstari unaoizunguka nyota na zina uzito wa gramu 0.80. Kuanzia 1854 fedha ilipandishwa hadi asilimia 90, uzito ukashuka hadi gramu 0.75, nyota ikazungushiwa mistari mitatu, na tawi la mzeituni na mishale mitatu vikaongezwa upande wa nyuma. Mwaka 1859 mistari ikapunguzwa kuwa miwili. Anayejua haya anajua pia kwamba sarafu za 1854 hadi 1858 mara nyingi zilitoka na michoro hafifu tangu kiwandani. Muuzaji mjanja anapata mlango hapo: akinunua kutoka kwa warithi wa marehemu anauita ule uhafifu uchakavu na kulipa kidogo, na akituuzia sisi anauita udhaifu wa kiwandani na kudai bei ya sarafu ambayo haijatumika. Hufanya hivyohivyo na alama zinazoonekana mno kwenye sarafu za miaka mitatu ya kwanza, pale mihuri miwili ya kupigia ilipogongana bila kipande cha fedha katikati na kuachiana michoro. Anaponunua ni mikwaruzo. Anapouza ni tunu adimu.

Kuna uongo mwingine usio na haya hata kidogo. Baada ya 1862, watu walipokuwa wameficha fedha majumbani kwa hofu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, sarafu hizi zilitengenezwa kwa idadi ndogo sana, na nyingi kati ya hizo hazikufika mitaani kabisa. Zile za 1873, mwaka ambao Sheria ya Sarafu iliufuta mfululizo huu, zilikuwa 600, zote zikiwa zimepigwa kwa uangalifu maalumu kwa ajili ya wakusanyaji. Anayeitangaza sarafu ya 1873 kuwa ya matumizi ya kawaida anadanganya, na ukiiona imechakaa ujue ni ya wakusanyaji iliyoharibiwa na mtu. Vivyo hivyo, sarafu ya 1851 inayodaiwa kutoka kiwanda cha sarafu cha New Orleans lazima iwe na herufi O upande wa nyuma, kuliani mwa namba III. Tangazo lenye picha ya nyota pekee halithibitishi chochote, na bado matangazo ya aina hiyo hayaishi.

Niseme wazi kwamba sina ugomvi na sarafu iliyotobolewa. Katika karne ya 19 watu walizitoboa wakazivaa shingoni na mikononi, wengine wakausugua upande mmoja na kuchonga herufi za majina ya wapenzi wao, na sarafu kama hiyo ikiuzwa kwa jina lake na kwa bei yake ningeinunua kwa furaha. Kinachonikera ni kuziba tundu, yaani kufuta alama ya binadamu aliyeipenda sarafu ile, ili mtu mwingine apate faida ya uongo. Kipande kilichozibwa hakirudi kuwa kizima, na ile historia yake ya kidani nayo imekwisha kupotea.

Kwa hiyo nadai mambo ya kawaida kabisa. Picha za pande zote mbili zenye mwanga wa kutoka ubavuni, pamoja na picha ya ukingo, kwa sababu sarafu iliyonyooshwa hujisaliti ukingoni. Uzito uliopimwa kwa mizani ya sonara, uandikwe hadi desimali mbili. Neno "imesafishwa" litajwe mwanzoni mwa tangazo badala ya kufichwa nyuma ya maneno kama "inang'aa vizuri". Na mteja akigundua tundu lililozibwa, arudishiwe fedha zake zote, pamoja na gharama ya posta, bila kuambiwa akanunue dola.

Wenye sarafu za mfululizo huu zilizozibwa au kunyooshwa, tafadhali wekeni picha zake hapa chini, hasa za miaka ya 1854 hadi 1858, mkionyesha sehemu iliyochezewa kwa karibu. Yangu ya 1855 nitaitanguliza usiku huu.