Filamu ya Conclave: mnabishana kuhusu Kardinali Adeyemi, Sista Shanumi mmemwacha wapi?

Wakuu salaam. Ambaye hajaiona Conclave (2024, mwongozaji Edward Berger) apite kwanza, maana hapa namwaga kila kitu.

Papa amefariki, makardinali wamefungiwa Vatikani wachague mwingine. Kura za mwanzo Adeyemi, Mnigeria, anaongoza. Nafasi hiyo kaicheza Lucian Msamati, ambaye wazazi wake ni Watanzania, kwa hiyo sebuleni kwetu tulishaanza kushangilia. Kisha wakati wa chakula vyombo vinaanguka, ukumbi mzima kimya. Kumbe sista anayehudumu pale alizaa na Adeyemi miaka 30 iliyopita. Upapa ukaishia hapo.

Tangu hapo nasikia pande mbili tu. Wa kwanza wanasema Wazungu wametuonea, kwa nini mwenye mtoto wa siri awe Mwafrika? Wa pili wanasema kavuna alichopanda. Hao wa kwanza wana hoja, siwabezi. Ila wote wanamzungumzia mwanamume.

Hebu mtazameni Shanumi. Mtoto alilelewa na watu wengine. Mwenzake kapanda hadi ukardinali, yeye bado anabeba sahani. Halafu Tremblay, kardinali wa Kanada anayeutaka upapa, anafanya mpango sista aletwe Roma ili mpinzani wake aanguke. Hakuna aliyemuuliza. Kageuzwa chambo. Watetezi wa Adeyemi wanasema ni mambo ya zamani. Ya zamani kwa nani?

Na nakiri, Msamati alipolia nilimhurumia kweli. Baadaye ndipo nikajishtukia: huruma yote nimempa aliyekosa cheo. Mnasemaje?

— Mkuu, hiyo ni sinema ya kulichafua Kanisa, basi. Mei 2025 waliingia makardinali 133, akiwemo Rugambwa wetu wa Tabora. Siku ya pili tu moshi mweupe, tukampata Leo XIV. Hayo mafaili ya siri na kuhongana ya kwenye filamu, Vatikani kwenyewe umeyaona wapi?

— Mkuu, mimi pia Mkatoliki, tusitishane. Uchaguzi kwisha haraka hakuthibitishi lolote, si kwangu wala kwako. Kanuni alizotoa Yohane Paulo II mwaka 1996 zinakataza kununua upapa na kupatana kura, na adhabu yake ni kutengwa na Kanisa. Angekataza kitu ambacho binadamu hawezi kukifanya? Na hili la masista, Februari 2019 Papa Fransisko, akiwa kwenye ndege akitoka Abu Dhabi, alikiri mbele ya waandishi kwamba wapo mapadre na maaskofu waliowadhalilisha masista kingono. Sasa Papa naye alikuwa analichafua Kanisa?

— Jamani nichangie. Nimesoma bweni kwa masista. Askofu akija, walianza kupika kabla ya alfajiri, kuku, pilau, na vitambaa vya meza vimepigwa pasi mpaka vinasimama. Mezani wanakaa mapadre na wageni. Masista walikula jikoni, wengine wamesimama, sahani mkononi, sikio mlangoni wasije wakaitwa. Sisi wanafunzi tuliona kawaida kabisa.

Ndiyo maana kwangu filamu ni ya Sista Agnes, msimamizi wa masista wanaowahudumia makardinali. Anasema masista hutakiwa wasionekane, ila Mungu kawapa macho na masikio. Kasema maneno machache, Tremblay kaanza kuloa. Lakini mleta mada, nawe hujamaliza. Hata Agnes kashuhudia juu ya nani aliyeomba Shanumi aletwe Roma. Kesi ikawa ya Tremblay, kura zikaendelea. Kuhusu yule mtoto, ambaye sasa ni mtu mzima wa karibu miaka 30, nani pale mezani aliuliza yuko wapi?